MTETEMO WA MASHINE KATIKA VYOMBO VYA TANGA VILIVYOZEEKA
Mipira ya kukalia mashine na wajibu wetu sote

(Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa na mkaguzi mstaafu wa mashine za vyombo vya baharini mbele ya manahodha, mafundi, watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wote wanaomiliki, wanaosimamia au wanaosafiri kwa vyombo vya tanga vyenye mashine.)

Ndugu Mwenyekiti,
Ndugu Wakuu wa Idara,
Ndugu Manahodha na Mafundi,
Ndugu Wananchi,



Awali ya yote natoa shukrani zangu za dhati kwa kualikwa kuzungumza nanyi siku ya leo, na kwa nyinyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza. Nilipopewa mada hii, mtumishi mmoja aliniuliza kwa heshima iwapo kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa ngumi kinastahili kuwakusanya watu wazima ukumbini. Suala lake ni la haki, na mazungumzo yangu yote ya leo ni jawabu lake.

Vyombo ninavyokusudia kuvizungumzia ni majahazi, mashua na boti za tanga ambazo zina mashine ya dizeli ndani ya mwili wa chombo. Vingi katika hivyo vimeshakuwa na umri mkubwa. Baadhi vimejengwa hapa hapa visiwani kwa mbao, na mashine ikatiwa baadaye. Vyengine ni boti za fiberglasi zilizotufikia zikiwa zimeshatumika miaka mingi kwa wenyewe. Vyote vina maradhi mamoja ambayo tumeyazoea mpaka tunayaona kuwa ni tabia ya chombo, nayo ni mtetemo. Abiria akikaa meno yanagongana, vikombe vinatembea juu ya sanduku, na nahodha anasema: "Ndivyo ilivyo, imezeeka."

Ndugu Mwenyekiti, nataka kusema wazi tangu mwanzo kwamba mtetemo si uzee. Mtetemo ni habari ambayo mashine inatuletea, na asiyetaka kuisoma habari hiyo ikiwa bado ni ndogo ataisoma ikiwa kubwa.

Tukio lililonifundisha

Naomba mniruhusu nieleze jambo ambalo halinipi sifa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado kazini, nilipewa kuikagua mashua moja ya tanga yenye mashine ya dizeli ya silinda mbili, mali ya ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Mashua hiyo ikifanya kazi kubwa ya kuwapeleka watumishi na kuwachukua wagonjwa katika visiwa vidogo vya upande wa magharibi wa Pemba. Nilipoiwasha mashine niliona wazi kuwa inaruka. Nilipomulika kwa tochi niliona mpira mmoja wa nyuma umevimba kwa dizeli na umeanza kuachana na chuma chake. Fundi wa chombo aliniambia kuwa ombi la mipira mipya limeshapelekwa na jawabu lililorudi ni kuwa fungu halipo. Nami, kwa kuwa mashine ikiwaka na safari zikisubiriwa, niliandika katika fomu maneno matatu: "Hali ya kuridhisha." Nikatia saini.

Wiki ya tano baada ya saini hiyo, katikati ya msimu wa kusi, mashua ilitoka Fundo kuelekea Wete ikiwa na watu tisa, mmoja wao mama mja mzito aliyekuwa akipelekwa hospitali. Nami nilikuwemo, kwa kazi nyengine. Tukiwa tumeshaacha ufukwe kwa mwendo wa robo saa, ule mpira uliachana kabisa. Mguu wa mashine ukaanguka upande mmoja, shafti ikapinda katika njia yake na kuing'oa glendi, yaani ile sehemu inayozuia maji pale shafti inapotoka nje ya chombo. Maji yakaanza kuingia ngamani, na mashine ikazimwa kabla haijamaliza kuvunja kilichobakia.

Nyinyi manahodha mnajua zaidi kuliko mimi maana ya kukosa mashine mahali pale wakati wa kusi. Upepo unatoka kusini mashariki na unakutoa nje ya kisiwa, mkondo wa maji unaelekea kaskazini, na nje yako ni Mkondo wa Pemba wenye kina cha mamia ya mita, ambako nanga haina pa kushika. Kilichotuokoa ni mambo mawili. La kwanza ni tanga, ambalo nahodha yule hakukubali kuliacha pwani ingawa wengi walikuwa wakimcheka. La pili ni matambara na mafuta mazito ambayo fundi aliyasindika katika tundu la shafti huku sisi wengine tukifuta maji kwa ndoo. Tuliishia ufukweni kaskazini ya pale tulipokusudia, jua likiwa limeshazama. Yule mama alifikishwa hospitali kwa gari usiku ule, akajifungua salama siku ya tatu.

Hakuna aliyepoteza maisha, na kwa sababu hiyo halikuandikwa mahali popote. Lakini mimi nimekuwa nikiyaandika maneno yale matatu moyoni mwangu kila siku tangu wakati huo.

Mtetemo unatoka wapi

Sasa tuingie katika ufundi, kwani asiyejua sababu hawezi kujua dawa.

Mashine ya dizeli ya mapigo manne huchoma mafuta katika kila silinda mara moja kwa kila mizunguko miwili. Mashine ya silinda mbili inayozunguka mara 900 kwa dakika, ambao ndio mwendo wa taratibu chombo kikiwa kimesimama, hupiga mara 900 kwa dakika, sawa na mapigo 15 kwa kila sekunde. Ikipandishwa hadi mizunguko 2,400, mapigo huwa 40 kwa sekunde, na katika saa moja huwa 144,000. Kila pigo moja ni nyundo ndogo. Nyundo hiyo ikiachwa ifike kwenye mwili wa chombo, inagonga misumari iliyoshika mbao katika mataruma, inaitikisa kalafati, inalegeza nati, na inayachosha mabomba ya shaba ya mafuta mpaka yanapasuka. Wazee wetu walisema bandu bandu huisha gogo. Hapa bandu ni 144,000 kwa saa.

Kazi ya mipira ya kukalia mashine, ambayo mafundi wengi huiita mauntingi, ni kusimama baina ya nyundo na chombo. Kwa kawaida huwa minne, miwili mbele na miwili nyuma. Kila mmoja una bamba la chuma chini linalofungwa kwenye mihimili, mpira katikati ulioshikamana na chuma kwa gundi ya moto ya kiwandani, na bolti ya kusimama juu yenye nati mbili ambazo baina yake hukaa mguu wa mashine.

Lipo jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Mashine iliyokaa juu ya mipira ina mapigo yake ya asili, kama mtoto aliyekaa kwenye pembea. Mpira huanza kuzuia mtetemo pale tu mapigo ya mashine yanapozidi kiasi cha mara 1.4 ya mapigo hayo ya asili. Chini ya hapo mpira hauzuii kitu, bali huweza kuzidisha. Ndiyo maana mashine nyingi hutikisika sana zikiwa katika mwendo wa taratibu, kisha zikatulia zinapopandishwa. Mpira ukizeeka na kukakamaa kwa joto, mapigo ya asili hupanda juu, na ule mtikisiko uliokuwa wa mwendo wa taratibu ukahamia katika mwendo wa kazi. Mpira ulioingia mafuta nao hulegea na kuvimba, ukashuka, na shafti ikatoka katika mstari wake. Kwa hivyo uzee wa mpira una sura mbili, ugumu na ulegevu, na zote mbili ni madhara.

Kwanza tuhakikishe mkosa ni nani

Ndugu Mafundi, kabla ya kununua mipira mipya ni wajibu kuhakikisha kuwa mipira ndiyo yenye makosa. Nimeona mipira mizima ikitupwa kwa kosa la kipande cha wavu kilichozinga kwenye rafadha.

Iwasheni mashine chombo kikiwa kimefungwa na gia ikiwa huru, mpandishe mwendo polepole mpaka karibu na mwendo wa kazi. Ikiwa mtetemo upo hapo hapo, tafuteni ndani: mipira, bolti zilizolegea, nozeli isiyopiga sawasawa, au mwendo wa taratibu uliowekwa chini mno. Ikiwa mashine imetulia na mtetemo unakuja tu baada ya kutia gia na kuongeza mwendo, tafuteni nje na nyuma: shafti iliyopinda, jani la rafadha lililokunjika, kamba iliyozinga, bushi iliyolika, au mstari wa shafti uliopotoka.

Kisha mulikeni kila mpira, mashine ikiwa imezimwa. Mpira uliopasuka, uliopauka na kuwa na mikwaruzo kama udongo wa kiangazi, uliovimba, au ulioachana na chuma, hauna tiba. Mtu mmoja atie ubao chini ya mguu wa mashine na kuinua kidogo, na mwengine aangalie kwa tochi. Mguu ukiinuka bila ya mpira kufuatana nao, hapo kazi imeshakwisha na tunaloongojea ni siku tu.

Kuchagua mipira

Makosa makubwa katika kununua ni mawili.

Kosa la kwanza ni kununua mpira mmoja. Mipira minne imechoka pamoja, kwa kuwa imefanya kazi pamoja. Ukitia mmoja mpya baina ya mitatu iliyoshuka, umeiinua mashine pembe moja na umeupotoa mstari wa shafti kwa mkono wako mwenyewe. Mipira hubadilishwa yote kwa pamoja.

Kosa la pili ni kutia mipira ya gari. Naelewa kwa nini inafanyika, maana mipira ya gari ipo katika kila duka na bei yake ni nafuu. Lakini gari husukumwa na magurudumu yake, na mashine ya gari haisukumwi mbele wala nyuma na kazi yake. Katika vyombo vingi vyetu hali ni tofauti. Rafadha inasukuma maji nyuma, shafti inaisukuma gia mbele, gia inaisukuma mashine, na mashine inaisukuma mipira, na mipira ndiyo inayosukuma chombo kizima. Nguvu yote ya safari inapita katika mpira ule mdogo. Mpira wa chombo cha baharini umetengenezwa uwe laini kwa kwenda juu na chini lakini mgumu kwa kwenda mbele na nyuma, na mingi ina kofia ya chuma ya kuuzuia mguu wa mashine usiruke na kuukinga mpira na matone ya mafuta. Mpira wa gari hauna sifa hizo zote.

Aidha, mipira huandikwa nambari za ugumu, na watengenezaji wengi huweka nambari tofauti mbele na nyuma, kwa sababu gia huongeza uzito upande wa nyuma. Ziandikeni nambari hizo na mahali pa kila mmoja kabla ya kuagiza. Mpira mgumu kuliko unaotakiwa unapitisha mtetemo kama vile haupo. Mpira laini kupita kiasi unaiacha mashine icheze na kuiumiza shafti.

Namna ya kuifanya kazi

Kazi yenyewe haihitaji karakana kubwa. Inahitaji siku mbili, watu wawili, na subira.

Kabla ya kulegeza hata nati moja, pimeni kwa rula urefu kutoka kwenye muhimili hadi kwenye kila mguu wa mashine, muandike pembe zote nne. Vipimo hivyo vinne ndivyo vitakavyokuongozeni katika kurudi. Ondoeni waya hasi wa betri kwanza. Fungeni koki ya maji ya bahari na ya mafuta. Fungueni kaplingi, yaani pale gia inapokutana na shafti, ili mashine iwe peke yake.

Inueni mashine kwa cheni bloku iliyotundikwa kwenye boriti madhubuti iliyolazwa juu ya mlango wa mashine, na kamba zipite kwenye pete za kuinulia za mashine yenyewe. Mkitumia jeki, wekeni ubao mnene, na kamwe msiitie jeki chini ya sahani ya oili, kwani ni nyembamba na itapasuka. Inueni kiasi cha kutoa mpira tu, si zaidi. Kama nafasi inaruhusu, badilisheni mmoja baada ya mmoja ili mashine isipoteze mahali pake. Asitie mtu mkono chini ya mashine inayoning'inia bila ya kipande cha mbao cha kuikinga isishuke.

Mpira mpya ukae sawasawa juu ya muhimili, bila ya kupindwa kwa nguvu ili tundu zilingane. Mpira unaofungwa ukiwa umejikunja unaanza maisha yake ukiwa na maumivu. Mguu wa mashine ukae chini kadiri inavyowezekana katika bolti ya kusimama, huku ikibakia nafasi ya kurekebisha. Ikiwa mpira mpya ni mfupi kuliko wa zamani, wekeni bamba la chuma chini ya mpira, msipandishe nati mpaka kileleni, kwa sababu bolti ndefu iliyo wazi hupinda na kukatika.

Wakati mashine imeinuliwa, tazameni mihimili. Katika vyombo vya mbao hapa ndipo penye siri. Maji na dizeli vinapenya katika tundu za bolti, na mbao inaoza ndani huku juu ikionekana nzima. Pigeni kwa nyundo ndogo na msikilize, kisha chomeni kwa ncha ya kisu. Msumari wa parafujo unaozunguka bila ya kukaza haufai kutiwa kijiti na kurudishwa. Kateni sehemu iliyooza, tieni mbao ngumu, na fungeni kwa bolti inayopita upande wa pili ikiwa na bamba na nati. Mpira mpya juu ya mbao iliyooza ni sawa na kumvisha mgonjwa kanzu mpya.

Mstari wa shafti

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika, kwa hivyo naomba nikae kidogo.

Baada ya mipira kufungwa, uso wa kaplingi ya gia na uso wa kaplingi ya shafti ni lazima vikutane bila ya kulazimishwa. Visogezeni mpaka vigusane, kisha pimeni nafasi baina yao juu, chini, kulia na kushoto, kwa vile vibati vyembamba ambavyo mafundi huviita fila. Kanuni inayotumika ni kuwa kwa kaplingi yenye upana wa sentimita 10, tofauti baina ya upande na upande isizidi milimita 0.1. Hiyo ni nyembamba kama karatasi ya kuandikia. Rekebisheni kwa nati za mipira, kidogo kidogo, huku mkipima tena baada ya kila mzunguko. Halafu zungusheni shafti nusu mzunguko na mpime upya, ili mjue kama shafti au kaplingi yenyewe imepinda.

Kipimo hicho kifanywe chombo kikiwa majini, na si juu ya magogo pwani. Chombo cha tanga, hasa kilichozeeka, hubadilisha umbo kinapoelea, na mkuku ulionyooka juu ya magogo huweza kujikunja kidogo ukibebwa na maji. Kiacheni kielee angalau siku moja, kikiwa na mlingoti wake na kamba zake zimekazwa kama kawaida ya safari, ndipo mpime. Kisha, kwa kuwa mpira mpya hushuka kidogo unapozoea mzigo, mrudi mpime tena baada ya saa chache za kazi za mwanzo, na mara nyengine baada ya kiasi cha saa 50.

Jambo la mwisho la kiufundi. Mashine iliyokaa juu ya mipira inacheza, na kila kilichofungwa nayo ni lazima kiweze kucheza pamoja nayo. Bomba la mafuta, la maji na la moshi, waya na nyaya za gia, vyote viwe na kipande laini kabla ya kufika kwenye mashine. Nawaambia haya hasa wenye majahazi ambayo mashine imefungwa moja kwa moja kwenye mbao bila ya mpira wowote. Mkitaka kuhamia kwenye mipira, ni jambo jema, lakini msitie mipira peke yake. Bomba gumu la shaba litakatika, na glendi isiyokubali kucheza itavuja. Badilisheni vyote au msibadilishe kitu mpaka muwe na uwezo.

Wajibu wa kila mmoja

Sasa nawageukia ndugu zangu watumishi wa ofisini, ambao pengine wamekuwa wakijiuliza habari za spana zinawahusu nini.

Zinawahusu kwa sababu mpira wa mashine huanzia kwenye jalada. Fundi anaandika ombi, karani analipokea, mkuu anaona maneno "mipira minne" na anafikiri ni kitu cha starehe, na jalada linarudi na maneno "fungu halipo, lisubiri". Simlaumu mtu, kwani nami nilikuwa katika mnyororo huo huo. Lakini hebu tulinganishe. Upande mmoja mipira minne na siku mbili za kazi. Upande wa pili glendi, shafti, kaplingi, pengine gia nzima, chombo kukaa juu ya magogo kwa miezi, na visiwa vidogo kukosa daktari na chanjo. Na hiyo ni hesabu ya vyuma tu. Watu hatuna namna ya kuwahesabu.

Visiwa hivi vimeshazika watu wengi kwa sababu ya bahari. Msiba wa MV Spice Islander I wa tarehe 10 Septemba 2011 na ule wa MV Skagit wa tarehe 18 Julai 2012 ilikuwa na sababu zake nyengine, na sikusudii kuifananisha na mpira uliopasuka. Naitaja kwa sababu moja tu: baada ya misiba hiyo sote tulisema kuwa ukaguzi usiwe wa karatasi. Neno hilo linahusu meli kubwa, na linahusu mashua ya watu tisa vile vile.

Kwa hivyo natoa mapendekezo yangu kwa ufupi.

Kwa manahodha: mkiona mtetemo umebadilika, hata kama si mkubwa, andikeni katika daftari la chombo siku, mwendo wa mashine na mahali mlipousikia. Mtetemo uliobadilika ndio unaosema zaidi. Na tanga lenu lisiachwe pwani, wala lisiliwe na panya ghalani. Chombo cha tanga chenye mashine kina njia mbili za kurudi nyumbani. Msiitupe mmoja kwa mikono yenu.

Kwa mafundi: andikeni ombi kwa lugha ambayo mkuu wa ofisi ataielewa. Msiandike "mauntingi nne". Andikeni: "Mpira wa nyuma kulia umeachana na chuma, ukikatika, maji yataingia chomboni." Nimejifunza kuwa sentensi moja iliyo wazi hufanya kazi kuliko barua tatu za kukumbusha.

Kwa wakuu wa idara: ombi la namna hiyo lijibiwe kwa moja kati ya majawabu mawili, ama vipuri vinunuliwe, ama chombo kisimamishwe. Jawabu la tatu, yaani chombo kiendelee huku jalada likisubiri, ndilo lililotufikisha kule nje ya Fundo.

Kwa wakaguzi, wenzangu: fomu ina nafasi ndogo ya kuandika hali ya chombo, lakini saini yetu inabeba watu. Ikiwa hali haikuridhisha, andikeni kuwa haikuridhisha, na mkubali kulaumiwa kwa safari iliyoahirishwa. Lawama hiyo ni nyepesi. Nimeibeba ile nyengine na naujua uzito wake.

Kwa wananchi: mnayo haki ya kuuliza. Mkipanda chombo na kukiona kinatetemeka kuliko jana, muulizeni nahodha kwa adabu. Nahodha mwema hachukizwi na suala la abiria.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa baharini waliacha usemi usemao mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sisi huutumia kwa mambo ya maisha, lakini mimi nimeuona kwa macho yangu katika maana yake ya asili. Usiku ule sote tisa, mwenye cheo na asiye cheo, tulirejea ngamani na ndoo mikononi, tukiyafuta maji yaliyoingia kwa sababu ya kipande cha mpira ambacho niliwahi kukimulika kwa tochi, nikakiona, na nikakiacha.

Yule aliyeniuliza kama kipande hicho kinastahili kuwakusanya watu ukumbini, naamini sasa amepata jawabu lake.